Meno ya bandia na maisha ya wazee wa Afrika Mashariki walioko Marekani

Kupoteza meno ni jambo ambalo wazee wengi hulihesabu kuwa sehemu ya umri, sawa na mvi na kupungukiwa nguvu za miguu. Wataalamu wa afya ya kinywa hawaafiki mtazamo huo. Wanasema kinachong'oa meno ni maradhi, na maradhi hayo kwa kiasi kikubwa yanazuilika. Umri peke yake haung'oi jino.

Kwa wazee wa Afrika Mashariki na ya Kati waliohamia Marekani, suala hili lina uzito wa pekee. Mzee aliyepelekwa Louisville katika jimbo la Kentucky, aliyepelekwa Columbus katika jimbo la Ohio na aliyepelekwa Buffalo katika jimbo la New York wanaweza kuwa wametoka kambi moja ya wakimbizi, wakiwa na mapengo yaleyale kinywani. Hata hivyo, kwa miaka mingi kilichoamua iwapo mzee atapata meno ya bandia ni jimbo alilopangiwa kuishi, wala si hali ya kinywa chake.

Makala haya yanaeleza jinsi meno yanavyopotea, mambo ambayo mzee huyapoteza pamoja nayo, uwezo wa meno ya bandia na mipaka yake, na jinsi sheria za majimbo hayo matatu zilivyobadilika katika miaka ya karibuni.

Miji mitatu, wageni wa asili moja

Columbus ni makao ya jamii ya pili kwa ukubwa ya Wasomali nchini Marekani, baada ya ile ya Minneapolis na Saint Paul katika jimbo la Minnesota. Ndani ya jamii hiyo wamo pia Wabantu wa Kisomali, ambao Marekani ilianza kuwapokea kwa wingi miaka ya 2003 na 2004 kutoka kambi ya Kakuma nchini Kenya. Wengi wao walijifunza Kiswahili katika miaka waliyokaa kambini.

Louisville na Buffalo nazo zimepokea Wasomali, Warundi na hasa Wakongomani waliotoka Kivu, ambao baadhi yao waliishi zaidi ya miaka 10 katika kambi kama Nyarugusu nchini Tanzania na Nakivale nchini Uganda. Katika shule za umma za Louisville, Kiswahili ni miongoni mwa lugha kuu wanazozungumza nyumbani watoto wa wahamiaji. Mjini Buffalo, kituo cha afya cha Jericho Road, kinachowahudumia wakimbizi wengi, kina zahanati dada mjini Goma.

Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, njia ya kuwaleta jamaa wapya imekuwa finyu mno. Wazee waliokwishafika, hata hivyo, wapo, na umri wao unazidi kusonga.

Meno hupoteaje?

Maradhi mawili ndiyo yanayong'oa meno zaidi kuliko mengine yote. La kwanza ni kuoza, ambako vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa tindikali inayolitoboa jino. La pili ni ugonjwa wa fizi, ambao huanza kwa fizi kutoka damu na kuishia kwa kuharibu mfupa unaolishikilia jino, hata jino zima, lisilo na tundu lolote, likalegea na kung'oka.

Kisukari huuzidisha ugonjwa wa fizi, na tumbaku ya kuvuta au ya kutafuna huuharakisha. Isitoshe, dawa nyingi wanazopewa wazee, zikiwemo baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za huzuni, hukausha mate. Mate ndiyo kinga ya kwanza ya meno. Kinywa kikavu huoza upesi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuwa watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Ripoti hiyo ilisema asilimia 23 ya watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi hawana jino hata moja. Nchini Marekani, takwimu za serikali za mwaka 2015 hadi 2018 zilionyesha kuwa takriban asilimia 13 ya wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa vibogoyo kabisa. Miongoni mwa wale ambao hawakumaliza shule ya sekondari, kiwango hicho kilikaribia thuluthi moja.

Barani Afrika tatizo kubwa ni uhaba wa waganga wa meno. Kwa mujibu wa WHO, kanda ya Afrika ilikuwa na waganga wa meno 3.3 tu kwa kila watu 100,000 katika miaka ya 2014 hadi 2019, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Kwa hiyo katika zahanati nyingi za vijijini na za kambini, jino bovu lilikuwa na tiba moja tu: koleo. Jino liliuma, likang'olewa, mgonjwa akaenda zake. Hakuna aliyezungumzia kuliziba pengo.

Yapo pia mapengo ya desturi. Kwa vizazi vingi Wajaluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini, na Wamasai mawili. Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini walikuwa na mila kama hiyo. Nyumbani, pengo hilo lilikuwa alama ya kabila na ya utu uzima. Nchini Marekani, ambako meno kamili na meupe huchukuliwa kuwa dalili ya afya na ya kazi nzuri, pengo lilelile husomwa kuwa umaskini. Katika jimbo la Nebraska, wataalamu wa chuo kikuu waliwasaidia wakimbizi wa Kidinka na Kinuer walioomba kurudishiwa meno waliyong'olewa utotoni, na wakaandika jinsi hatua hiyo ilivyowagusa.

Kinachopotea pamoja na jino

Athari ya kwanza ni chakula. Mtu asiye na magego hawezi kusaga nyama, karanga, mahindi ya kuchoma wala makande yasiyoiva sana. Nyumbani ugali, wali, ndizi za kupika na sombe iliyotwangwa vilimwezesha kibogoyo kuishi bila ya shida kubwa. Ugenini, pale ambapo vijana wako kazini mchana kutwa na hakuna wa kutwanga wala kusonga, mzee huangukia mkate mweupe, biskuti na chai yenye sukari. Matunda mabichi na mboga ngumu huachwa. Kwa mwenye kisukari, hicho ni chakula cha hatari.

Athari ya pili ni matamshi. Sauti za f na v huhitaji meno ya mbele ya juu yagusane na mdomo wa chini. Sauti za th na dh huhitaji ncha ya ulimi iguse meno hayo. Asiye nayo hulitamka neno "thelathini" au "dhahabu" kwa taabu. Kwa Mwislamu aliyezoea kusoma Kurani kwa tajwidi, herufi za thaa, dhali, dhaa na faa hupoteza mahali pake pa kutokea, na mtu aliyekuwa akiwasomesha watoto huona haya kusoma mbele ya watu.

Athari ya tatu haionekani kwa urahisi. Mzee huanza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono au kwa upindo wa mtandio. Baadaye hacheki. Hukataa kupigwa picha harusini, na chakula cha pamoja hukikwepa kwa kusema kuwa ameshiba. Hula baadaye, peke yake jikoni. Katika jamii ambazo heshima ya mzee hukaa katika maneno yake, yaani katika kusuluhisha, kuusia, kusimulia na kuombea, kunyamaza kwa mzee ni hasara ya nyumba nzima.

Ugenini hasara hiyo hufichika upesi. Watoto hudhani mama amenyamaza kwa sababu Kiingereza kimemshinda, au kwa sababu anawakumbuka aliowaacha. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine mama anaumwa na jino, au anaona haya, na hakuna aliyemwuliza.

Wataalamu wana njia za kuyapima mambo haya. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na hojaji maalumu zinazomwuliza mtu ikiwa kinywa chake kimemzuia kula, kusema, kulala, kucheka au kukaa na wenzake. Mojawapo ilitafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika nchini Tanzania. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2006, uliwahusisha watu zaidi ya 1,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea katika jiji la Dar es Salaam na mkoa wa Pwani. Zaidi ya nusu yao walisema hali ya vinywa vyao imewaathiri katika shughuli za kila siku, na wa vijijini waliathirika zaidi ya wa mjini. Jambo lililotajwa kuliko mengine yote ni kula.

Uchunguzi mwingine umegusa akili. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walikusanya matokeo ya tafiti 14 zilizohusu watu wazima zaidi ya 34,000. Waliona kuwa waliopoteza meno mengi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kudhoofika kumbukumbu na fahamu. Kwa waliokuwa na meno ya bandia, tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Matokeo ya namna hiyo hayana maana kwamba pengo ndilo linaloleta usahaulifu, kwani umaskini na lishe duni huweza kuleta yote mawili. Yanatosha, hata hivyo, kuonyesha kuwa kinywa hakiko mbali na ubongo.

Jino la pembe

Waswahili husema jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hiyo hutumika kumaanisha kuwa cha kuazima hakilingani na cha asili, lakini ina historia ya kweli ndani yake. Kabla ya katikati ya karne ya 19, meno ya bandia yalichongwa hasa kwa pembe. Rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu. Hadithi kwamba meno yake yalikuwa ya mbao si ya kweli. Yalitengenezwa kwa risasi, kwa meno ya binadamu na ya ng'ombe, na kwa pembe za kiboko, mnyama wa mito ya Afrika. Daftari lake la hesabu la mwaka 1784 lina kumbukumbu ya malipo waliyopewa watumwa kwa meno tisa.

Baadaye ulikuja mpira uliokaushwa kwa moto, na kuanzia miaka ya 1930 plastiki ngumu ya akriliki, ambayo ndiyo inayotumika zaidi hadi leo.

Kuyatengeneza huchukua safari kadhaa kwa mganga. Kwanza huchukuliwa umbo la fizi kwa bonge laini linaloganda mdomoni. Kisha hupimwa jinsi taya mbili zinavyokutana, na meno hujaribiwa yakiwa yamepangwa juu ya nta kabla ya kukamilishwa. Wapo wanaopewa meno ya muda siku hiyohiyo ya kung'olewa. Wengine husubiri wiki au miezi hadi fizi zipone.

Mzee anayeyapokea anapaswa kujua mipaka yake mapema. Nguvu ya kutafuna kwa meno kamili ya bandia ni takriban robo ya ile ya meno ya asili, na pengine chini ya hapo. Meno ya juu hushikiliwa na mnato wa mate kwenye kaakaa na kwa kawaida hukaa vizuri. Ya chini huelea juu ya ufizi mwembamba huku ulimi ukiyasukuma, na hayo ndiyo yanayoishia kabatini.

Isitoshe, mfupa wa taya ambao hauna tena mizizi ya meno hupungua mwaka hadi mwaka. Mtafiti Antje Tallgren, aliyewafuatilia wavaaji wa meno ya bandia kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 1972 kuwa taya la chini hupungua kiasi cha mara nne kuliko la juu. Kwa hiyo meno yaliyomkaa mzee barabara mwaka wa kwanza huweza kumcheza mwaka wa tano, bila ya kuwa na kosa lolote la utengenezaji. Dawa yake ni kurudi kwa mganga yakawekewe tabaka jipya kwa ndani, au kutengenezewa mengine.

Njia imara zaidi ni vipandikizi, yaani vijiti vya madini ya titani vinavyopandwa ndani ya mfupa. Mgonjwa wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965 nchini Sweden na Per-Ingvar Brånemark. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipendekeza kuwa kwa taya la chini lisilo na jino, meno yanayoshikiliwa na vipandikizi viwili yawe chaguo la kwanza. Tatizo ni bei, ambayo wazee wengi hawaimudu.

Nani hulipa?

Hapa ndipo tofauti ya majimbo inapoonekana.

Marekani ina mipango miwili mikubwa ya bima ya afya ya umma, yote iliyoanzishwa mwaka 1965. Medicare ni ya wenye umri wa miaka 65 na zaidi na baadhi ya walemavu. Medicaid ni ya watu wa kipato cha chini, na kila jimbo huiendesha kwa kanuni zake.

Tangu mwanzo, sheria ya Medicare iliyaweka meno nje. Mpango wa asili haulipii usafishaji wa meno, kung'oa jino wala meno ya bandia, isipokuwa pale huduma ya kinywa inapofungamana na tiba nyingine, kama vile kupandikizwa kiungo au kubadilishwa vali ya moyo. Wapo wazee wanaojiunga na mipango ya kampuni binafsi iliyo chini ya Medicare, ambayo mingi hutoa huduma fulani za meno, kwa kikomo cha fedha kinachotofautiana.

Kwa wakimbizi wengi wazee, basi, tegemeo ni Medicaid. Sheria ya taifa haiyalazimishi majimbo kuwapa watu wazima huduma za meno. Kila jimbo huamua lenyewe.

Kentucky kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa majimbo yenye wazee wengi wasio na meno. Hadi mwisho wa mwaka 2022, Medicaid ya jimbo hilo ilimlipia mtu mzima kung'olewa jino, lakini haikumlipia meno ya bandia ya kuliziba pengo. Mzee wa Louisville aliweza kutoka kwa mganga bila ya jino hata moja, bure, na akabaki hivyo. Januari 2023 serikali ya Gavana Andy Beshear ilipanua huduma hizo hadi kwenye meno ya bandia. Bunge la jimbo lilizipinga kanuni hizo mwaka huohuo, na kwa muda wagonjwa na waganga wakawa njia panda, kabla ya serikali kuzirejesha.

Ohio imekuwa ikiwalipia watu wazima meno ya bandia kupitia Medicaid, kwa masharti. Mganga huomba idhini kwanza, na meno yakishatolewa mtu hapewi mengine hadi ipite miaka kadhaa. Kikwazo kingine mjini Columbus, kama kwingineko, kimekuwa kumpata mganga anayeikubali kadi ya Medicaid, kwa kuwa malipo yake yalikuwa madogo. Januari 2024 Ohio iliongeza malipo hayo kwa kiwango kikubwa, ili kuwavutia waganga zaidi.

New York nayo ilikuwa na kanuni iliyowatesa wengi. Mtu aliyebakiwa na magego manane yanayokutana, manne juu na manne chini, alihesabiwa kuwa na meno ya kutosha. Kwa hiyo alinyimwa meno ya bandia ya sehemu, na hata tiba ya mzizi ambayo ingeliokoa jino. Aliyepotelewa au kuvunjikiwa na meno ya bandia alitakiwa, isipokuwa kwa sababu chache, kusubiri miaka minane. Vipandikizi havikulipiwa kwa muda mrefu.

Mwaka 2018 shirika la msaada wa sheria la Legal Aid Society liliishtaki serikali ya jimbo kwa niaba ya wagonjwa. Kesi hiyo ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2023, na kanuni mpya zikaanza kutumika Januari 31, 2024. Kuanzia siku hiyo kipimo kikawa hitaji la kiafya: mganga akithibitisha kuwa mgonjwa anahitaji tiba ya mzizi, kofia ya jino, meno mengine ya bandia au vipandikizi, ombi lake hufikiriwa. Makubaliano hayo yanamhusu mzee wa Buffalo sawa na wa jiji la New York. Anayekataliwa ana haki ya kukata rufaa.

Kuna badiliko jingine la kuangaliwa kwa makini. Sheria ya taifa iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliweka Oktoba 1, 2026 kuwa tarehe ambayo wakimbizi na waliopewa hifadhi, wasio na kadi ya ukaazi wa kudumu, wanaondolewa katika orodha ya wanaostahiki Medicaid ya kawaida. Mkimbizi huruhusiwa kuomba kadi hiyo baada ya kukaa Marekani mwaka mmoja. Mzee aliyekuwa akiahirisha ombi lake ana sababu nyingine ya kutoliahirisha, na meno yake ni mojawapo.

Vyuo vya waganga wa meno

Bahati moja ya miji hii mitatu ni kwamba kila mmoja una chuo kikongwe cha waganga wa meno. Kile cha Chuo Kikuu cha Louisville kilianzishwa mwaka 1887, cha Chuo Kikuu cha Ohio State mjini Columbus kina asili yake mwaka 1890, na cha Chuo Kikuu cha Buffalo kilianza mwaka 1892. Vyote vina kliniki ambazo wanafunzi hutibu chini ya usimamizi wa walimu wao. Kwa kawaida bei huwa chini ya ile ya mganga binafsi, lakini kila ziara huchukua muda mrefu na safari huwa nyingi. Mzee asiye na gari huhitaji mtu wa kumpeleka na kumrudisha mara kadhaa, na hilo ni jambo la familia kupanga kabla ya kuanza.

Suala la mkalimani nalo si dogo. Chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kituo kinachopokea fedha za serikali kuu kinapaswa kumwezesha mgonjwa asiyejua Kiingereza kupata huduma, na hilo hufanyika kwa kumpa mkalimani bila ya malipo. Familia nyingi bado humtuma mjukuu. Mjukuu wa miaka 12 anaweza kujua Kiswahili cha nyumbani, lakini asijue tofauti ya kung'oa jino moja na kung'oa yote. Kabla ya kutia saini, mzee ana haki ya kuuliza mambo matatu: ni jino lipi, kwa sababu gani, na baada ya hapo atawekewa nini. Jino linaloweza kuokolewa ni bora kuliko lolote la plastiki.

Jinsi ya kuyatunza

Waganga hutoa ushauri ufuatao kwa mwenye meno ya bandia:

Yavuliwe usiku. Utafiti uliofanywa Japani kwa wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa waliolala na meno ya bandia walikuwa katika hatari ya kuugua nimonia takriban mara mbili ya wenzao.

Yasafishwe kila siku kwa brashi laini na sabuni isiyo kali, kisha yawekwe ndani ya maji baridi. Maji ya moto huyapinda. Dawa ya meno ya kawaida huyakwaruza, na vijidudu hujificha katika mikwaruzo.

Fizi, ulimi na kaakaa navyo visuguliwe taratibu. Wekundu chini ya meno ya bandia mara nyingi ni ukungu, na una dawa yake.

Siku za kwanza mzee ale vyakula laini vilivyokatwa vidogo, atafune pande zote mbili, na asome kwa sauti ili ulimi uzoee.

Yanapoumiza, yasichongwe kwa kisu wala tupa nyumbani. Mganga huyarekebisha kwa dakika chache.

Kidonda chochote cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili kionwe na daktari, kwani saratani ya kinywa huweza kuanza hivyo, hasa kwa waliozoea tumbaku, ugoro au tambuu. Hata asiye na jino anastahili kuchunguzwa kinywa kila mwaka.

Kwa wenye meno yao, mswaki wa mti bado una nafasi. Mti wenyewe, ambao wanasayansi huuita Salvadora persica, huitwa mswaki kwa Kiswahili, na WHO iliunga mkono matumizi yake tangu miaka ya 1980. Ukitumika vizuri husafisha meno, lakini hautoi madini ya floridi kama dawa ya meno iliyotiwa madini hayo.

Maji nayo yana la kusema. Mjini Buffalo floridi ilikoma kutiwa katika maji ya bomba mwaka 2015, na wakazi wengi hawakujua hadi gazeti la mji huo lilipoandika habari hiyo Januari 2023. Wazazi walikwenda mahakamani, na huduma hiyo ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa watu waliokulia pande za Arusha na Meru, ambako floridi katika visima huzidi na kuyageuza meno kuwa ya kahawia, neno hilo linaweza kuwatia hofu. Kiasi kinachotiwa katika maji ya miji ya Marekani ni kidogo kuliko kile cha visima hivyo.

Familia iangalie nini?

Wazee wengi wa Afrika Mashariki hawasemi kuwa kinywa kinawauma. Wamelelewa kuvumilia, na wanajua kuwa watoto wana kodi ya nyumba ya kulipa. Dalili ndizo zinazosema: mzee anayechagua vyakula laini tu, anayepungua uzito, anayekula akiwa peke yake, anayeziba mdomo akizungumza, aliyeacha kusoma au kuimba hadharani, au ambaye meno yake ya bandia hukaa ndani ya glasi mchana na usiku.

Mzee wa namna hiyo hahitaji kuambiwa kuwa umri ndivyo ulivyo. Anahitaji kuulizwa kwa faragha na kwa heshima, kupelekwa kwa mganga akiwa na mkalimani, na kurudishwa tena pale meno yanapomcheza. Methali iliyosema kuwa jino la pembe si dawa ya pengo haikukosea, kwani meno ya bandia hayarudishi yote yaliyopotea. Lakini mzee anayeweza kutafuna kipande cha nyama pamoja na wanawe, na kutamka jina la mjukuu wake bila ya haya, amerudishiwa mahali pake nyumbani.